Hedifoni ya Noti Tatu

Katika maduka ya vifaa vya simu pale Kariakoo, hedifoni hazikai kabatini. Huning'inizwa ukutani kuanzia usawa wa kiuno hadi darini, nyekundu, bluu, nyeusi, nyingine zina masikio ya paka yanayowaka taa, nyingine zimebeba majina makubwa ambayo ukiyasoma kwa karibu utakuta herufi moja imekosewa. Karibu kila boksi linaahidi besi. Mbele ya ukuta huo anasimama kijana, begi mgongoni, noti tatu za elfu kumi zimekunjwa kiganjani, anasema maneno ambayo muuzaji huyasikia kutwa: "Kaka, nipatie nzuri, ya kila kitu." Muuzaji, bila hata kugeuka, anamjibu: "Zote kali hizo mdogo wangu, we chagua rangi." Mazungumzo hayo hayamalizi dakika. Mimi hubaki nayo muda mrefu, kwa sababu ombi la yule kijana ni zito kuliko anavyolisema, na jibu alilopewa halifikii hata nusu ya haki yake.

Ya kila kitu. Alfajiri atasikiliza Kurani au kwaya kabla nyumba haijaamka. Asubuhi, ndani ya daladala iliyoshona, atajitahidi kufuata somo la fizikia alilolipakua usiku bando lilipokuwa nafuu. Mchana mama atapiga simu kutoka Songea, na sauti ya mama lazima ifike nzima, pamoja na ile pumzi anayoivuta kabla ya kusema jambo zito. Jumamosi kuna mpira redioni. Jioni ni Bongo Fleva, na usiku ukikua ni dansi la zamani alilolizoea kwa baba yake. Mwenye uwezo huzigawa kazi hizi: hedifoni ya kukimbilia, ya safarini inayozima kelele, ya mezani, hata ya kulalia. Asiye na uwezo hukiambia kitu kimoja kiwe vyote. Kwa hiyo anachokitafuta si hedifoni iliyobobea katika jambo moja, bali yenye wastani, isiyopendelea upande. Na wastani ndiyo sifa ambayo hakuna boksi linaloitangaza, maana haina mng'ao.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, wakasema pia mchagua nazi hupata koroma. Methali hizo nimezisikia zikitumiwa dukani kumnyamazisha mnunuzi anayeuliza sana, na naona zinaonewa. Ya jembe inamsema mvivu anayejificha nyuma ya kuchagua mpaka jua limpite. Haimsemi mtu ambaye jembe likivunjika hana la pili mpaka mavuno yajayo. Huyo ana haki ya kuligonga, kuligeuza na kuupima mpini mkononi. Tajiri akinunua vibaya, ameharibu jioni moja. Mwenye noti tatu akinunua vibaya, hasara hiyo ataivaa masikioni mwaka mzima, na yule mwalimu wa fizikia atamfikia kwa sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi. Kuchagua kwa makini ni haki ya mnyonge kabla ya kuwa anasa ya mtu yeyote, na muuzaji anayemharakisha anamnyang'anya zaidi ya fedha.

Habari njema, na ni njema kwelikweli, ni kwamba sauti yenyewe si kitu ghali. Ifungue hedifoni ya kawaida, ya elfu kumi au ya laki tano, ndani utakuta mambo yaleyale: sumaku, koili ya waya mwembamba mno, na kiwambo chepesi cha plastiki kilichogundishwa kwenye koili hiyo. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, sumaku huivuta na kuisukuma. Kiwambo hutetema, hewa hutetema nacho, na ngoma ya sikio hupokea. Hata kabla ya ufundi wa namna hii kuenea, zaidi ya miaka 100 iliyopita, Nathaniel Baldwin alikuwa akiunda hedifoni kwa mikono yake jikoni kwake Utah, Marekani, na jeshi la majini la nchi hiyo likizinunua. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za bei mbalimbali. Alilinganisha bei ya kila moja na jinsi inavyogawa sauti nzito, za kati na nyembamba, asione uhusiano wowote baina ya viwili hivyo. Fedha hununua mambo mengine, tena ya kweli: bawaba zisizovunjika, sponji zinazobadilishwa, mtambo wa kuzima kelele, uzito mdogo kichwani, na jina. Lakini mgawanyo wa haki wa sauti hutokana na subira ya aliyeiunda, na subira hiyo huweza kukaa ndani ya boksi la bei ya chini kama inavyoweza kukosekana ndani ya boksi la bei ya juu. Koss Porta Pro ya Marekani imeuzwa tangu 1984 kwa umbo karibu lilelile. Sony MDR-7506 iliingia studio mwaka 1991 na mpaka leo wahariri wa sauti na watangazaji wanaivaa. Hizo mbili hazipatikani kwa noti tatu, lakini kudumu kwao kunaonyesha kwamba sikio la mwanadamu halibadiliki kila mwaka kama rangi za ukutani.

Sasa hiyo besi. Kwa nini ukuta mzima unaiahidi? Simama Kariakoo saa tano asubuhi usikilize: jenereta, injini za malori ya mizigo, spika za matangazo, mikokoteni. Sehemu kubwa ya kelele hiyo ni nzito, nayo huimeza kwanza sauti nzito ya chochote kinacholia karibu na sikio lako. Ukiijaribu hedifoni katikati ya mvumo huo, ile iliyozidishiwa besi ndiyo inayoonekana ina uhai, na ile ya haki inaonekana imepoa. Unalipa, unaondoka umefurahi. Usiku, geti limefungwa na mtaa umetulia, besi ile ile inafumuka na kumfunika mwimbaji, unamsikia kwa mbali akiomba nafasi katika wimbo wake mwenyewe. Debe tupu haliachi kuvuma. Wala siichukii besi. Singeli bila besi ni mchezo bila wachezaji. Ila singeli hukimbia kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na besi isiyojua kukoma hulikuta pigo linalofuata bado imekaa kwenye kiti chake. Besi njema huingia, hufanya kazi, huondoka. Ile inayojazwa kwa ajili ya dakika moja ya dukani huingia na kulala.

Boksi litakuambia pia kwamba hedifoni inafika kutoka hezi 20 hadi 20,000. Karibu kila boksi husema hivyo, kwa kuwa hayo ndiyo masafa tunayoambiwa mwanadamu mwenye masikio mazima huyasikia. Namba hiyo haisemi chochote kuhusu usawa wa njiani: unaweza kutoka Dar es Salaam ukafika Morogoro kwa barabara ya lami au kwa makorongo, na katika hali zote mbili umefika Morogoro. Namba yenye faida zaidi ni ile ndogo ya ohm. Kwa simu ya kawaida, 16 au 32 inafaa. Ukikutana na mtumba wa studio ulioandikwa 250, hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa, simu yako itausukuma kwa shida na muziki utatoka dhaifu mpaka utafute amplifaya.

Kipimo ninachokiamini mimi ni sauti ya mtu. Hedifoni ni mjumbe: amepewa salamu mahali fulani na kazi yake ni kuzifikisha zilivyo, asiongeze chumvi, asipunguze machungu. Mtoto mjumbe tunampima kwa maneno, si kwa mbio zake. Basi mpe mjumbe huyu maneno. Chukua msomaji wa habari mwenye matamshi mazuri, sikiliza kama "thamani" inabaki thamani au inageuka samani, kama dhambi haijawa zambi. Herufi hizo hukaa juu, katika masafa membamba, na hedifoni iliyojaa besi huzizamisha, wakati ile kali kupita kiasi huzifanya zichome mpaka kila "sa" inakuwa sindano. Kisha weka taarabu. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na mitambo ya wakati huo haikubeba besi nzito wala ule wembamba wa juu kabisa. Kilichobebwa ni katikati, na katikati ndipo alipo yeye. Hedifoni inayomleta Siti akiwa mbele, hai, na mkwaruzo wa santuri nyuma yake, hiyo imeshinda nusu ya mtihani. Nusu ya pili wape Nadi Ikhwan Safaa, kundi la Unguja lililoanza mwaka 1905: kanuni yenye nyuzi zilizopangwa tatu tatu ikidondoka juu, fidla nyingi zikitembea pamoja, akodiani, nai, na chini kabisa fidla kubwa ya besi inayopigwa kwa kusimama. Ukiweza kumfuata mpiga kanuni peke yake kwa ubeti mzima bila kumpoteza, usiirudishe ukutani. Mwenye damu ya dansi na amtumie Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Gitaa la solo na la ridhimu yasipojitenga pale, hayatajitenga popote.

Kuna jambo wanaume wauzaji huwa hawalifikirii, na wanunuzi wanawake wengi wanalijua vizuri: ushungi. Hedifoni ya kufunika sikio ikikaa juu ya kitambaa, sponji haligusani na ngozi, hewa inavuja pembeni, na sauti nzito hutoroka kwenye uvujaji huo huo. Pini ya ushungi nayo inabonyezwa kichwani. Fremu za miwani hufanya vivyo hivyo. Kwa wengi wa watu hawa, ya kuchomeka sikioni ndiyo yenye haki zaidi, ikapita chini ya kitambaa na waya wake ukashuka kwa stara. Sharti lake ni raba. Boksi zuri huja na saizi tatu, na watu wengi huzitupa mbili bila kuzijaribu. Raba ikiwa ndogo, besi yote humwagika nje na mtu huilaumu hedifoni. Akibadilisha raba tu, chombo kingine kabisa huzaliwa. Zile kubwa za kufunika nazo zina adui wao wa pwani, joto. Ngozi ya bandia kwenye sponji hukaa na jasho miezi michache, kisha hubambuka, ukivua unakuta vipande vyeusi vimeganda shingoni. Uliza kabla ya kulipa kama sponji linachomoka. Likichomoka, litashonewa jipya au litatafutwa. Likiwa limegundishwa, umenunua kitu chenye tarehe ya kufa.

Na waya. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa hedifoni panajulikana: pale waya unapoingia kwenye pini, mahali panapokunjwa kila unapoitia simu mfukoni. Mtazame fundi wa redio anapoutibu. Anaukata sentimita mbili juu ya jeraha, anamenya mpira, ndani zinatoka nyuzi laini ajabu, nyingine nyekundu, nyingine kijani, nyingine rangi ya shaba, zimesokotwa na uzi wa kitambaa ili zisikatike. Rangi hizo si pambo. Ni vanishi inayozuia nyuzi zisigusane, na risasi haishiki juu yake. Kwa hiyo fundi huishika ncha kwa chuma cha moto mpaka vanishi iungue na kamoshi kadogo kapande, ndipo risasi inameta na kukaa. Pini mpya, dakika chache, fedha kidogo, na hedifoni inarudi kazini. Ningependa kila kijana aone kazi hiyo mara moja, ajue kwamba alichonacho kinatibika. Ile isiyo na waya haitibiki kirahisi hivyo. Betri yake ya lithiamu huchoka kadiri inavyochajiwa, nayo imezikwa ndani ya plastiki isiyofunguliwa. Tena katika bei ya noti tatu, fedha hizo zimegawanywa kwa betri, kwa mtambo wa bluetooth, kwa chaji, kwa maiki. Kilichobaki kwa ajili ya kiwambo na sponji ni makombo. Yenye waya huiweka shilingi yote mahali sauti inapotoka. Simu isiyo na tundu la milimita 3.5, kama zilivyo nyingi tangu Apple ilipoliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, itahitaji adapta, na adapta hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Majina ya bandia yana habari yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hakuna kinachojitembeza Kariakoo kama jina la laki nne lililobandikwa kwenye kitu cha elfu ishirini. Aliyeiga jina alitumia akili yake yote kwenye herufi na boksi. Kampuni ndogo inayouza kwa jina lake yenyewe, kwa bei yake yenyewe, angalau ina la kupoteza ukirudi kulalamika. Kati ya bandia ya kifahari na halisi ya hali ya chini, sioni hata pa kupima.

Lakini tunapong'ang'ania sponji na waya, kuna swali kubwa zaidi limekaa nyuma, nalo ni kwa nini kijana yule anahitaji kitu hiki kuliko anavyohitaji viatu vipya. Uswahilini kwetu, nyumba moja ina vyumba sita na kila chumba kina familia. Ukuta ni tofali moja, dari haifiki mwisho. Redio ya jirani ni yako, ugomvi wa jirani ni wako, na mtihani wako wa kidato cha sita hauna mlango wa kufunga. Wazee wetu waliyapenda maisha hayo na walikuwa na sababu. Redio moja barazani iliwakusanya watu kumi, na taarifa ya habari ilikuwa mkutano. Hedifoni imeuvunja mkutano ule, sikatai. Ila kwa anayesoma ukumbini huku televisheni imewashwa, hedifoni ndiyo chumba pekee alichowahi kumiliki. Amekinunua kwa noti tatu, na anaingia humo bila kumfukuza mtu.

Sony walipoiuza Walkman ya kwanza nchini Japani, tarehe 1 Julai 1979, waliitoboa matundu mawili ya hedifoni na kuipa kitufe cha kushusha muziki ili wasikilizaji wawili waweze kusemezana. Waliona haya, nadhani, kumwachia mtu asikilize peke yake kabisa. Baadaye tundu la pili likatoweka, lakini hamu ya kushirikiana haikutoweka. Kwenye basi la mwendokasi utawaona wasichana wawili wa sekondari wamegawana hedifoni moja ya kuchomeka, kushoto kwa mmoja, kulia kwa mwenzake, vichwa vimekaribiana kwa sababu waya ni mfupi. Katika rekodi za stirio kila mmoja anapata muziki pungufu: huyu gitaa moja, yule lingine, na mwimbaji kati yao. Hawajali. Wanaimba kiitikio pamoja kwa midomo bila sauti.

Lakini kusikiliza safarini kuna hatari ya sauti kubwa, jambo ambalo sitaki kulipita haraka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni moja wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza. Kipimo chao ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki; ikipanda hadi 90, saa zinabaki 4 tu kwa wiki nzima. Sasa fikiria daladala yenye kelele na hedifoni isiyoziba vizuri. Kijana ataongeza sauti mpaka muziki uishinde injini, kila siku, kwenda na kurudi, na chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena. Kwa hiyo kuziba vizuri si anasa. Inayoziba humruhusu mtu ashushe sauti na bado asikie kila neno. Hapo ndipo ninapoipita, kwa moyo mzito, ile ya wazi, isiyoziba, nyepesi yenye sponji, ambayo nyumbani penye utulivu ingenipendeza zaidi. Mtu wa hedifoni moja anapanda daladala. Akishuka, aivue kabla ya kuvuka barabara, bodaboda hazina subira.

Kwa noti tatu, basi, msimamo wangu ni huu: yenye waya, inayoziba, isiyojisifu kwa besi, ya jina halisi hata kama halijulikani, ya kuchomeka yenye raba za saizi tatu kwa anayevaa ushungi au miwani na kwa anayesafiri, ya kufunika yenye sponji linalochomoka kwa anayesoma mezani. Bakisha elfu mbili tatu za fundi. Nenda dukani mapema kabla mtaa haujachangamka, beba simu yako na rekodi unazozijua kwa moyo, anza na sauti ya mtu anayeongea, kisha kanuni, kisha besi mwisho. Weka sauti nusu, wala usimwachie muuzaji aichague sauti wala wimbo. Akikukatalia kujaribu, mshukuru, nenda duka linalofuata. Mtaa ule ni mrefu.